Kuku wa Uvunguni

Siku hizi watu wa kijiji chetu cha Nampu wakimtaja wifi yangu Kui-moi humwita Mama Kuku, tena kwa heshima, na mimi huwa nacheka peke yangu, maana nakumbuka siku aliyoingia kwetu. Aliingia na tenga lenye kuku wawili, jogoo na tetea, wamefungwa miguu kwa kamba moja nyekundu, kama anavyoingia bibi harusi yeyote wa huku milimani. Hao ni kuku wa kuonyesha njia. Hutoka kwao bibi harusi, hufunguliwa uvunguni mwa kitanda cha maharusi, na hawachinjwi maisha yao yote. Kamba inakatwa katikati, kila mmoja anabaki na kipande mguuni, na kipande hicho hukiondoa mama mwenye nyumba mwenyewe, siku atakaporidhika kwamba kuku amekuwa wa hapo.

Akitangulia kutoka jogoo, mtoto wa kwanza atakuwa wa kiume. Kwetu jogoo alitoka mbio, akampita bwana harusi, kaka yangu Tet-hin, katikati ya miguu, akaenda moja kwa moja uani kupigana na jogoo wetu. Mama alifurahi mpaka akasahau kwamba sherehe bado ina wageni wa kulishwa. Kesho yake tu alimkamata yule jogoo akamfungua kamba.

Tetea hakutoka. Tulimngoja, tukamwita, mashangazi wakainama na nguo zao za harusi kuchungulia. Mama akamwaga mchele mlangoni. Tetea akatoa kichwa, akala ule mchele wote, akarudi uvunguni. Siku chache baadaye alianza kutaga humo humo, na alipotaga mayai machache tu akajilaza juu yake, akajitanua, akanuna. Ukisogeza mkono, anakudonoa. Tukimwondolea mayai, anaatamia kiazi. Tukimwondolea kiazi, anaatamia kandambili ya Tet-hin, na kaka yangu akawa anakwenda shambani na kandambili moja kwa sababu hakuwa na ubavu wa kumnyang'anya.

Mama yangu alikuwa mwanamke mwenye kuku wengi na maneno mengi zaidi. Kwake kuku wa kuatamia ovyo ni mvivu anayekula bure. Dawa yake alikuwa nayo, dawa ya kijiji kizima: unamchovya kuku kwenye maji ya mfereji mara kadhaa mpaka joto la tumbo limtoke, unampitisha unyoya puani asiweze kulala kwa raha, na baada ya siku chache anaacha upuuzi na kurudi kutaga.

"Leta huyo kuku wako nimchovye," alimwambia Kui-moi.

"Mama, mwache kidogo tu."

"Nimwache mpaka lini? Mwenzake yuko nje anatafuta riziki, yeye amekaa kama malkia. Au nyumbani kwenu ndivyo mnavyokaa?"

Kui-moi alicheka tu, akashika ufagio. Hakuwa mtu wa kujibizana. Lakini kuku hakumleta. Kila asubuhi alimtoa uvunguni kwa mikono miwili, akampeleka nyuma ya jiko anywe maji, ajisaidie, ajioge vumbi, halafu akamrudisha. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Akaniambia, "Wifi, kuku wa kutaga wapo wengi. Anayekubali kukaa ni mmoja katika kumi." Basi, hakueleza zaidi. Mimi nikaona amechanganyikiwa kidogo, na nilimpenda hivyo hivyo.

Mwaka ulipogeuka, Kui-moi akashika mimba. Ndipo mama alipofanya kosa lake kubwa, na alilifanya kwa furaha.

Kwetu mwanamke aliyejifungua anakaa ndani mwezi mzima, na kila siku ya mwezi huo anakula kuku aliyepikwa kwa mafuta ya ufuta, tangawizi na pombe ya mchele. Kuku hao ni wajibu wa mama mkwe. Mwenye kulisha vizuri anasifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Asiye na kuku, wazazi wa mke ndio watakaobeba matenga kuja kumlisha binti yao, na hapo mama mkwe afadhali ahame kijiji. Mama hakutaka tu kulisha vizuri. Alitaka kuvunja rekodi. Alisimama mbele ya mama muuza tofu, ambaye ndiye redio yetu, akatangaza kwamba mkamwana wake atakula kuku mzima kila siku, na hakuna siku atakayorudia mabaki.

Baada ya tangazo hilo, kuku wakaanza kumiminika. Mama aliwakumbusha watu wote aliowahi kuwapelekea kuku wa uzazi. Binamu wa bondeni akaleta watatu. Mashangazi wakaleta, majirani wakaleta, mwingine alifika na kuku kwenye baskeli kutoka soko la mbali. Wote aliwafungua uani kwetu papo hapo, wachanganyike, apate kuwatazama kwa pamoja na kusikia wapita njia wakisema eee.

Kui-moi ndiye peke yake aliyesema neno. "Mama, hawa wageni tungewaweka kando kwanza, tuone afya zao."

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Hawa wageni wa jana tu tayari wameshazoea. Yule wako ana mwaka sasa, na kamba yake bado iko mguuni. Tumwulize nani habari za wageni?"

Tulicheka sote jikoni, hata mimi. Kui-moi akakubali utani kama anavyokubali mvua. Lakini jioni ile alikusanya mayai mapya kutoka viota vya uani, akachagua yale yenye umbo zuri na ganda zito, akayapanga kwenye kapu la makapi ya mpunga, akalisukuma uvunguni. Tetea alijiinua, akayavuta kwa mdomo moja moja, akayafunika yote. Tangu siku hiyo Kui-moi hakumtoa tena nyuma ya jiko. Alimpelekea maji na chakula chumbani, akamtandikia sinia la mchanga, na mlango wa chumba akaufunga.

Mdondo uliingia kutoka kwa wale kuku wa baskeli, au wa bondeni, nani ajuaye. Asubuhi mmoja alikuwa amepinda shingo. Jioni walikuwa wengi, wanahema, wanaharisha maji ya kijani. Mama aliwapa kitunguu saumu, akawapa pilipili, akachoma ubani kwa wazee waliotangulia. Walikufa vile vile. Wale waliotoka kwa binamu, wale wa mashangazi, wale aliowalea mwenyewe tangu wakiwa manyoya ya njano. Jogoo wa kuonyesha njia alikufa katikati ya ua, mahali pale pale alipokuwa akipigana. Tet-hin alichimba shimo nyuma ya mianzi, akachimba la pili.

Sijawahi kumwona mama yangu amenyamaza namna ile. Alikaa kwenye kibao chake mlangoni mwa jiko, ua mtupu mbele yake, na mama muuza tofu alipopita na mzigo wake, mama yangu hakuweza hata kumjibu salamu. Niliumia. Nilikuwa nimezoea kumkasirikia mama yangu, sikujua kumhurumia.

"Wataleta matenga," alisema baadaye, akimaanisha wakwe. "Wataingia na matenga yao mlango ule, na mimi nitawafungulia."

Uani alikuwa amebaki kuku mmoja tu, na hakuwa hasa wa uani. Alikuwa jogoo aliyehasiwa, mkubwa kama mbuzi mchanga, aliyefugwa peke yake kwenye kizimba cha mianzi juu ya ghala, ananoneshwa kwa ajili ya sadaka ya Mzee wa Mbinguni mwaka mpya. Huyo hakugusana na wenzake, ndiyo maana alipona. Na chumbani, uvunguni, nyuma ya mlango uliofungwa, alikuwako yule mvivu.

Tulisikia sauti zao siku mama alipokuwa akiosha kibao cha kuchinjia ili akiweke darini, kwa kuwa hakuwa na cha kuchinja. Sauti nyembamba, nyingi, zinatoka ndani ya nyumba. Mama aliacha maji yanatiririka. Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha mkamwana wake, akasimama. Kui-moi alikuwa amepiga magoti sakafuni na tumbo lake, anatoa maganda, na chini ya kifua cha tetea vichwa vya njano vinachungulia na kurudi. Yai moja tu lilikuwa viza.

Mama akasema, "Hawatoshi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, na msomaji asimhukumu. Alikuwa amekwisha kuhesabu mwezi mzima kichwani.

"Hawatoshi, Mama," Kui-moi akakubali. "Ndiyo maana hatashuka."

"Nani hatashuka?"

"Huyu. Nataka aatamie tena, hivi sasa, kabla joto halijamtoka. Mayai Tet-hin atayatoa kwetu, mdondo haujavuka mto. Atakaa. Huyu atakaa hata mara tatu akilishwa vizuri."

"Na hawa watalelewa na nani? Na wewe? Utawalaza kifuani?"

Kui-moi akasita. "Nilikuwa naomba yule wa juu ya ghala," alisema.

Sasa hapa mjue kwamba kuku huyo alikuwa ameahidiwa Mbinguni kwa jina. Mama alikuwa akimpelekea uji wa moto kabla hajampelekea baba yangu. Nilirudi nyuma hatua moja, nisije nikapigwa na kitu kisichonihusu.

"Unataka sadaka ya Mungu iwe yaya," mama alisema polepole.

"Mpaka mwaka mpya tu, Mama. Yeye hana kazi. Kwetu bibi yangu aliwalewesha wa namna hiyo, wakilevuka wanakuta wana watoto, wanakubali."

Mama alimtazama, akatazama vifaranga, akatazama ua uliokuwa kimya. Halafu akageukia kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeleta habari hiyo. "Umesimama nini, Ching-in? Lete pombe. Si ile ya kupikia, ile nzuri."

Hivyo ndivyo tulivyokaa watu wazima wanne jikoni kumlewesha kuku. Tet-hin alimshika mabawa, mimi nikamfungua mdomo, mama akamtilia kijiko kwa kijiko huku akimwomba radhi Mzee wa Mbinguni kwa sauti, amsamehe, ni dharura, atalipwa na riba. Yule jogoo alinywa. Cha kushangaza alinywa vizuri. Baadaye kidogo shingo ikalegea, jicho moja likafumba, akaegemea mkono wa kaka yangu kama mjomba anayetoka harusini. Kui-moi alimkwangua manyoya ya tumbo kidogo, akamlaza kwenye tenga lenye majani makavu, akamwingizia vifaranga chini ya mabawa, mmoja mmoja, akafunika na gunia.

"Akiwaponda?" Tet-hin aliuliza.

"Akiwaponda tutakuwa na sadaka mapema," mama akajibu, lakini aliketi karibu na tenga lile na hakuondoka.

Alipoamka, jogoo yule alishangaa kwanza. Alisimama, akatazama chini, vifaranga wakamfuata miguuni wanalia. Akatikisa kichwa chake kizito. Tukajua ndiyo basi, sasa anawakanyaga. Kumbe akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa maisha yake, ile sauti nzito ya koo la kuku anayeita watoto, akadonoa chenga za mchele akaziacha chini, akarudi nyuma ili wale. Mama yangu alijifunika uso kwa aproni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, na vyote viwili vilikuwa humo.

Tet-hin alivuka mto akarudi na mayai kwenye kapu la pumba kifuani, akitembea badala ya kupanda baskeli ili yasitikisike. Kui-moi aliyapumzisha kwanza, kisha tetea akapewa. Tetea aliyavuta chini yake kama vile hakuna kilichotokea. Alikuwa amekonda. Upanga wake wa kichwani ulikuwa umepauka. Tukamtafutia minyoo na mchwa, na mama, nasema mama yangu mwenyewe, alimkatia matembele vipande vidogo vidogo, akamwachia mlangoni bila kusema ni ya nani. Baada ya muda Kui-moi aliyamulika mayai kwa kurunzi. Mengi yalikuwa na mishipa myekundu iliyotanda vizuri.

Kisha likaja lile jua la utosi linaloleta radi. Kwetu kila mtu anajua radi inaua vifaranga ndani ya mayai, na kila mtu anajua chuma kinaizuia. Kui-moi alikuwa mfereji wa juu anafua. Anga lilipoanza kunguruma niliona mama anatoka jikoni anakimbia, mwanamke asiyekimbia hata akiitwa na baba, mkononi ameshika panga la jikoni, lile kubwa la kuchinjia. Aliingia chumbani kwa mkamwana, akalala chini kwa tumbo, akasukuma panga mpaka chini ya kapu. Tetea akamdonoa mkono, akamtoa damu.

"Nidonoe," alimwambia, amelala uvunguni vile vile, radi inapiga. "Una haki. Lakini usishuke."

Hakushuka. Akaangua wale nao, wengi kuliko wa kwanza, na jogoo wa Mbinguni akapewa kikombe kingine, ingawa safari hii nadhani alijifanya tu amelewa. Ukaja msimu ambao ua wetu ulijaa tena. Walikimbia nyuma ya lile jogoo zito kutwa nzima, na watu walikuja kutazama. Mama muuza tofu alitua mzigo wake.

"Basi wakwe hawaleti matenga?"

"Walete," mama akasema. "Tutawagawia wa kurudi nao."

"Na hao ni kuku wa nani, jirani? Maana wako walikufa."

Nilijua mama yangu asivyopenda kuulizwa swali kama hilo barabarani. Akanyoosha kidevu. "Ni wa mkamwana wangu. Mimi nawakatia majani."

Kui-moi alijifungua wakati wa baridi, kuku wa kwanza wakiwa wamekwisha kuwa na nyama ya kutosha. Mtoto alikuwa wa kike. Mkunga alipolisema hilo tulitazamana, kwa maana sote tulikuwa tumemwona yule jogoo akitoka kwanza siku ya harusi, na baba alikuwa ameshachagua jina la kiume. Nilimtazama mama.

"Jogoo yule alikuwa na njaa tu," mama akasema. "Ching-in, tia kuni."

Alipika mwenyewe. Tangawizi ikakaangwa mpaka ikajikunja, kuku akatiwa, pombe ikamwagwa, harufu ikatoka mpaka barabarani, na sidhani kama alisahau kufungua dirisha. Akabeba bakuli kwa mikono miwili mpaka kitandani kwa Kui-moi, mtoto amelala ubavuni mwake. Akaliweka juu ya kigoda. Lakini hakuondoka. Alitoa mkasi mfukoni mwa aproni, akapiga magoti na ule uzito wake, akaingiza kichwa uvunguni, ambako tetea alikuwa amekwisha kujilaza tena juu ya kandambili ya kaka yangu.

Tulisikia mkasi ukikata. Mama alitoka kinyumenyume, nywele zina utando wa buibui, mkono umedonolewa upya, na katika vidole vyake ameshika kipande cha kamba nyekundu kilichochakaa. Alikifunga taratibu kwenye kifundo cha mguu wa mjukuu wake.

Kui-moi, ambaye hakulia alipochekwa wala alipojifungua, alianza kulia.

"Kula," mama alimwambia. "Supu inapoa."